Fataki Inayokataa Kukaa

Ijumaa, saa nne usiku, Jinja, stoo ya klabu ya shabaha,
na mashine imerudia ukaidi wake:
ganda la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa,
la nne linatoka na tundu wazi kitakoni
kama ufizi wa mtoto aliyeng'oka jino,
na baruti inavuja mezani
kidogokidogo, kama chumvi ya mchoyo.

Kesho saa mbili wapigaji watafika.
Umeme umekwenda zake. Kagoya ananishikia tochi.
"Umeangalia mrija?"
Nimeangalia mrija.
Fataki zimepangana humo, tumbo kwa mgongo,
kumi na tisa, hakuna inayoshuka.
Nagonga kwa ukucha. Kwa ukucha, si kwa koleo:
kitu kidogo hivi hakipendi kuamshwa na chuma.

"Ni majivu," asema.
Kakira wanachoma miwa tangu Jumatatu,
masizi yanaelea mpaka huku,
yanatua kwenye kamba za nguo, yanatua kwenye chai,
na kumbe chembe moja, nyembamba kuliko unywele wa kope,
imeketi kooni mwa mrija
ikasimamisha foleni nzima.

Tunazimwaga kwenye sahani, tunazihesabu.
Nimevaa miwani mbili, ya kusomea na ya kujikinga.
Tunapangusa kwa kitambaa kikavu. Mafuta, hapana.
Mafuta huiua fataki bila kelele,
nawe hujui mpaka nyundo iulize
na pasiwe na jibu.

Zinashuka sasa. Tik. Tik.

Lakini kushuka si kukaa.
Ganda la kumi na moja: fataki imechungulia nje ya kitako
kama mgeni asiyejua kiti chake ni kipi.
Napitisha kidole, kinakwama.
Ilipaswa kuzama kidogo tu chini ya uso wa shaba,
kidole kipite kisiulize kitu.
Nabonyeza wenzo. Haiendi.
Mkono wangu unataka kuongeza nguvu;
ulifunzwa kambini, mkono huu,
ambako kila kitu kiliitika nguvu
kwa Kiswahili hikihiki: songa, ingia, kaa!

Mama yangu, kule Arua, hakuruhusu lugha hii ivuke kizingiti.
Alisema ilimjia mara moja tu, usiku,
wala haikubisha hodi.

"Usilazimishe, Candia."
Sikio langu la kushoto linaujua ukweli huo.
Liliondoka siku niliyolazimisha.

Kagoya analigeuza ganda mwangani.
Mhuri wa jeshi. "Ona ukingo."
Kiwandani waliufinya mdomo wa tundu
ili fataki ya kwanza isichomoke kamwe.
Ganda limekwisha kupigwa, kuokotwa, kuoshwa, kung'arishwa,
limeandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wa Kagoya,
na bado limebana mdomo vilevile,
linamlinda aliyeondoka zamani.

Nachukua kikwangulio. Nazungusha mara tatu, bila haraka.
Uzi wa shaba unajikunja, unanidondokea kiganjani,
mwepesi hata siuhisi.
Naweka fataki.
Nashusha wenzo nikisikiliza kwa mkono,
maana mkono ndio sikio nililobaki nalo:
ukinzani kidogo, halafu kama mtu anayeshusha pumzi,
halafu chini.
Kidole kinapita. Hakiulizi.

"Kaa," naiambia.
Neno lilelile. Sikuwahi kulitamka kwa sauti ndogo hivi.

"Unaongea na nani?"
"Na hesabu. Bado mia na themanini na tisa.
Inua tochi kidogo."